Shipton: Bingwa wa Kusimama Penye Utelezi

Sisi wenyeji wa Meru na Embu huamka kila siku tukiutazama mlima huu, ambao Wameru huuita Kirimara. Lakini ukimwuliza kijana ni nani aliyepandia upande wetu akafika hadi vilele vyake vikali, aghalabu hana jibu. Basi leo, wasomaji wapenzi, napenda kuwasimulia maisha ya hayati Eric Shipton, mtu aliyeishi miaka mingi juu ya barafu na mwishowe akafa kwa maradhi, si kwa kuanguka.

Shipton alizaliwa tarehe 1 Agosti, 1907, huko Ceylon, nchi iitwayo Sri Lanka siku hizi. Babake, mkulima wa chai, alifariki mtoto angali mdogo sana. Shuleni kusoma kulimpa taabu kubwa. Hata hivyo, wakati wa likizo alikwenda katika milima ya Alps, na huko akapata walimu wa namna nyingine. Hao walikuwa wenyeji wanaoongoza wageni milimani, nao walimfunza kutembea penye barafu.

Mwaka 1928 alikuja Kenya kujifunza kilimo cha kahawa karibu na Nyeri. Januari 1929, yeye na Percy Wyn-Harris, ofisa wa serikali, pamoja na Gustav Sommerfelt, walifika Chogoria kwa lori. Misheni ya Chogoria ilikuwa imeanzishwa na Dk. Irvine mwaka 1922. Hapo walipata wapagazi, wakapita katika msitu wa mianzi. Shipton na Wyn-Harris ndio waliokuwa wa kwanza kujulikana kusimama juu ya Nelion, mita 5,188. Kisha wakavuka hadi Batian, mita 5,199, kilele ambacho hakikuwa kimefikiwa tangu safari ya Mackinder mwaka 1899.

Msomaji atauliza: je, mtu husimamaje pasiposimamika? Nairobi, katika uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005, wachezaji wa hoki huvaa viatu vyenye makali ya chuma. Anayetaka kusimama huvigeuza viatu upande, akakunja magoti, na makali yakakwaruza barafu. Akikosea, ukuta wa mbao utamzuia. Mlimani hakuna ukuta. Anayeteleza hana budi kujigeuza kifudifudi mara moja, alilalie shoka lake la barafu kwa kifua, na ncha yake ichimbe karibu na bega. Ikiwa amevaa vyuma vya meno chini ya viatu, sharti ainue miguu, maana meno yakinasa ghafla yatampindua. Haya yote ni ya kufanywa kabla mwendo haujawa mkali. Ukichelewa kidogo, shoka litakuponyoka.

Njia nyingine ni kamba. Mwaka 1930 Shipton alirudi mlimani na mlowezi mwenzake, Bill Tilman. Walipokuwa wakishuka kilele kidogo kiitwacho Midget Peak, Tilman aliteleza akaanguka, akazirai huku akining'inia. Shipton aliishika kamba isimtoke, akamteremsha polepole mpaka mahali pa kukaa, naye Tilman akazinduka. Laiti mikono ile ingelegea, safari zao kubwa za Himalaya zisingalikuwapo. Mwaka 1934 wawili hao walipenya hadi ndani ya bonde la Nanda Devi kule India.

Shipton alikwenda Everest mara kadhaa. Mwaka 1951 aliongoza msafara uliochunguza njia ya upande wa Nepal, lakini uongozi wa safari ya ushindi ya 1953 akapewa John Hunt. Hakukaa akinung'unika. Alikuwa mkuu wa shule ya vijana ya mafunzo ya milimani huko Eskdale, Uingereza. Baadaye akavuka barafu za Patagonia, Amerika ya Kusini. Alifariki tarehe 28 Machi, 1977.

Ninalolifikiria ni hili. Wapagazi waliobeba mizigo ya Shipton kutoka Chogoria hawakumbukwi kwa majina kama yeye, ingawa bila migongo yao asingalifika popote. Leo wajukuu wa kizazi kile ndio wanaoongoza wageni. Barafu imesinyaa mno. Ile iitwayo Lewis, iliyo karibu na Lenana, imebaki vipande tu. Wako watakaosema basi hakuna haja ya ustadi huo. Mimi nasema haja ipo: barafu iliyobaki ni ngumu, na asubuhi mapema mawe hufunikwa na ganda la utelezi.

Shipton hakuzaliwa akijua kusimama. Alifunzwa na wenyeji wa Alps, watu wa milima kama sisi. Kijana wa Chogoria naye na afunzwe vivyo hivyo, apewe shoka na kamba kabla ya kukabidhiwa roho ya mgeni, na jina lake liandikwe.