Harry Ferguson: Fundi wa gereji aliyeizuia trekta isimwue mkulima

MKULIMA wa Uasin Gishu au Trans Nzoia anapofunga plau nyuma ya trekta, hutia pini tatu tu: mbili chini na moja juu. Akishamaliza, huvuta kijiti kilicho karibu na kiti chake na plau ikanyanyuka yenyewe, tayari kwenda shambani. Ni wachache wanaofahamu kwamba mpango huo wa vyuma vitatu ulitokana na fundi wa magari wa Ireland aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 14, na ambaye jina lake lingali ubavuni mwa trekta za Massey Ferguson.

Henry George Ferguson, ambaye ulimwengu ulimjua kama Harry, alizaliwa tarehe 4 Novemba 1884 katika kijiji cha Growell, Kaunti ya Down, kaskazini mwa Ireland. Alikuwa mmoja wa watoto kumi na mmoja wa mkulima aliyeshika dini kwa ukali mkubwa. Kazi ya shamba hakuipenda hata kidogo. Kufuata farasi na jembe kutwa nzima katika udongo wenye mawe aliona ni adhabu, na ubishi wake juu ya mambo ya imani ulimfanya asielewane vyema na babake. Alikuwa amekwisha kupanga kuhamia Kanada wakati kakake, Joe, alipomwita Belfast mwaka wa 1902 akajifunze kazi katika karakana yake ya kutengeneza baiskeli na magari.

Hapo ndipo kijana yule alipopata mahali pake. Magari ya enzi hizo yaliharibika mara kwa mara, na vipuri havikuwa vya kununua dukani kama ilivyo sasa. Fundi alilazimika kukichonga kipuri mwenyewe kwa tupa, kukibana kwenye jiriwa, kukitoboa kwa keekee na kukikereza hadi kikae sawasawa. Harry alisifika kwa sikio lake: aliweza kuisikiliza injini ikinguruma akataja kasoro yake kabla ya kuifungua. Ujuzi huo ulimtia ujasiri wa kujaribu jambo ambalo hakuna mtu wa Ireland aliyekuwa amelifanya. Aliunda ndege yake mwenyewe katika karakana hiyo, na tarehe 31 Desemba 1909 akairusha huko Hillsborough, umbali wa yadi 130 hivi. Akawa mtu wa kwanza kuruka kwa ndege yenye injini nchini Ireland.

Ndugu hao wawili hawakukaa pamoja muda mrefu. Mwaka wa 1911 Harry alifungua biashara yake mjini Belfast, na miongoni mwa watu aliowaajiri alikuwamo fundi mmoja aliyeitwa Willie Sands. Inafaa jina hili likumbukwe. Sehemu kubwa ya vyuma ambavyo baadaye vilipewa jina la Ferguson, Sands ndiye aliyevichora na kuvitengeneza kwa mikono yake. Ferguson alikuwa na jicho la kuona kasoro, mdomo wa kuuza na ukaidi wa kutokubali kushindwa. Sands alikuwa na subira ya benchi la kazi. Historia, kama kawaida yake, ilimkumbuka zaidi aliyekuwa akizungumza.

Siasa nazo hazikumpita. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa upande wa Waprotestanti waliopinga Ireland kujitawala, na alishiriki katika harakati zao za kuingiza bunduki kwa siri mwaka wa 1914. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwoa Maureen Watson, nao wakajaliwa binti mmoja.

Vita ndivyo vilivyomrudisha shambani alikokuwa amekimbia. Manowari za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za chakula, na serikali ilitaka ardhi zaidi ilimwe. Mwaka wa 1917 Ferguson na Sands walipewa kazi ya kuzunguka Ireland wakikagua trekta zilizokuwa zikitumika, wazirekebishe na kuwafundisha wakulima namna ya kuzitumia. Walitembea shamba baada ya shamba na masanduku yao ya spana, na waliyoyaona hayakuwafurahisha.

Trekta za wakati huo zilikuwa farasi wa chuma tu. Plau ilikokotwa nyuma kwa mnyororo au fimbo ya chuma, kama ilivyokokotwa na mnyama. Kwa kuwa trekta ilihitaji kushika ardhi ili ivute, watengenezaji waliiongezea uzito, na uzito huo ukashindilia udongo na kula mafuta. Ila la kutisha zaidi lilikuwa jingine. Plau ilipogonga jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yalikwama ilhali injini iliendelea kuzungusha ekseli. Nguvu hiyo, ikikosa pa kwenda, iliinua pua ya trekta. Kufumba na kufumbua mtambo mzima ulibiringika kinyumenyume na kumlalia dereva. Farasi akigonga jiwe husimama. Trekta haikuwa na akili hiyo, na wakulima wengi walipoteza maisha kwa sababu hiyo.

Watu wengine wangeunda trekta nzito zaidi. Ferguson aliona kosa haliko kwenye trekta wala kwenye plau, bali katika kile kilichoviunganisha. Aliamua kwamba viwili hivyo sharti viwe kitu kimoja. Wazo hilo ni rahisi kulisema, lakini lilimchukua takriban miaka kumi na sita kulikamilisha.

Walianza na plau nyepesi iliyofungwa moja kwa moja chini ya gari la Ford Model T lililogeuzwa kuwa trekta. Kisha wakaigeukia trekta ya Fordson. Walijaribu chemchemi, wakajaribu nyaya na vijiti, wakafua, wakavunja, wakafua tena. Katikati ya miaka ya 1920 walipata jibu lililohusisha nguvu za mafuta yanayosukumwa na pampu, na Ferguson akapata hataza yake mwaka wa 1926. Huko Marekani alishirikiana na ndugu wawili wa ukoo wa Sherman kutengeneza plau za kufungwa kwenye Fordson, biashara iliyopata pigo mwaka wa 1928 wakati Ford alipoacha kuunda trekta hizo nchini humo.

Plau haikuwa na trekta tena. Basi wakaiunda trekta wenyewe. Mwaka wa 1933 ikatoka katika karakana ya Belfast trekta moja tu, iliyopakwa rangi nyeusi. Siri yake ilikuwa nyuma. Mikono miwili ya chini ilivuta plau, na mkono wa tatu, wa juu, ulisukumwa mbele na plau hiyo hiyo ilipokuwa ikikata udongo. Msukumo huo uliigandamiza pua ya trekta chini badala ya kuiacha inyanyuke. Papo hapo uliibonyeza chemchemi iliyofungua na kufunga vali ya mafuta, hivi kwamba udongo ulipokuwa mgumu plau ilijiinua kidogo, na ulipolainika ikajishusha. Uzito wa plau na wa udongo uliobebwa uliegemea magurudumu ya nyuma, kwa hivyo trekta nyepesi ikashika ardhi kama nzito. Na plau ikigonga jiwe? Mzigo uliacha ghafla kuyalalia magurudumu ya nyuma, yakazunguka pale pale bila kusogea. Dereva alikanyaga klachi, akashuka akiwa mzima.

Kampuni ya David Brown ya Huddersfield, Uingereza, ilikubali kuitengeneza kuanzia 1936. Zilitoka trekta zipatazo 1,350 kabla ya wenye mali kufarakana: Brown alitaka trekta kubwa zaidi, na Ferguson hakutaka kubadilisha hata nati moja. Pengine alikosea kibiashara, lakini tabia hiyo ndiyo iliyomfikisha pale alipokuwa.

Mwezi Oktoba 1938 alipeleka trekta yake Dearborn, Michigan, kumwonyesha Henry Ford. Wazee hawa wawili walifanana kuliko walivyojua. Ford naye alikuwa mtoto wa mkulima aliyechukia kazi za shamba, na ujanani alizunguka vijijini akirekebisha injini za mvuke za kupuria nafaka. Baada ya maonyesho shambani waliketi mezani, Ferguson akatoa kijitrekta cha kuchezea kinachoenda kwa chemchemi na kumweleza mwenzake siri ya vyuma vitatu. Wakapeana mikono. Hapakuwa na wakili, hapakuwa na karatasi. Ford angeunda trekta, Ferguson angeziuza na kutoa vifaa vyake. Trekta ya kwanza ya mapatano hayo, aina ya 9N, ilizinduliwa Juni 1939, na kufikia 1947 zilikuwa zimeundwa zaidi ya 300,000.

Mapatano ya mkono hudumu maadamu mikono ile ipo. Mjukuu wa Ford, Henry Ford wa Pili, alishika usukani wa kampuni mwaka wa 1945 akakuta trekta zinaitia hasara. Mwishoni mwa 1946 alitangaza kuuvunja uhusiano huo, na mwaka uliofuata kampuni yake ikaanza kuuza trekta yenye vyuma vile vile vitatu bila Ferguson. Mzee Ford alifariki Aprili 1947. Januari 1948 Ferguson alikwenda mahakamani nchini Marekani akidai dola milioni 251. Kesi hiyo ilichukua zaidi ya miaka minne. Aprili 1952 pande hizo mbili zilipatana alipwe dola milioni 9.25, na Ford ikakubali kuacha kutumia baadhi ya sehemu za mtambo wake wa mafuta. Fedha hizo zilikuwa chembe tu ya alizodai, lakini alizichukua kama ushahidi kwamba alikuwa na haki.

Wakati huo huo kiwanda cha Standard mjini Coventry kilikuwa kikimwundia trekta ndogo ya kijivu, TE20, tangu 1946. Hii ndiyo kazi yake iliyo bora, na mafundi ndio wanaoweza kuisifu ipasavyo. Haikuwa na fremu: injini, giaboksi na ekseli ya nyuma vilifungwa kwa bolti vikawa mwili mmoja, hivi kwamba fundi aliyetaka kubadilisha klachi aliitenganisha katikati. Injini ya Standard ilikuwa na mabomba ya silinda yanayochomoka, kwa hivyo yakilika hutolewa na kutiwa mapya bila kutupa injini. Nati nyingi ambazo mkulima alihitaji kuzigusa zilikuwa za vipimo viwili tu. Spana iliyokuja na trekta ilizifungua zote, nayo ilichongwa alama za inchi ili mkulima aitumie kupimia upana wa mtaro wa plau. Magurudumu yalipangwa karibu au mbali kwa kugeuzwa tu, na trekta yenyewe ilijiinua kwa nguvu ya mafuta yake ili kazi hiyo ifanyike. Huko Stoneleigh, Ferguson alianzisha chuo cha kuwafunza mawakala na mafundi wake, kwani aliamini trekta isiyo na fundi karibu ni mzigo wa chuma.

Ukweli huo ulidhihirika katika ujirani wetu. Mwaka huo huo wa 1947, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Tanganyika, kwa kutumia mitambo mizito iliyobaki kutoka vitani. Mingi iliharibika katika miezi ya kwanza, karakana na vipuri vikawa havitoshi, na mradi ukaachwa mwaka wa 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni.

TE20 zaidi ya 500,000 zilikuwa zimeundwa kufikia 1956. Katika juhudi za kuzitangaza, Ferguson aliwahi kuendesha moja ndani ya ukumbi wa hoteli ya kifahari ya Claridge's, London. Mwaka wa 1953 aliiunganisha kampuni yake na Massey-Harris ya Kanada. Walipotofautiana kuhusu dola milioni moja katika bei, alipendekeza warushe sarafu. Akashindwa, akacheka. Hakucheka muda mrefu, maana alizoea kuamuru na sasa alikuwa na washirika wa kuwasikiliza. Aliondoka mwaka wa 1954, na jina Massey Ferguson likaanza kutumika 1958.

Mwaka huo, tarehe 4 Januari, Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini ya dunia akiwa na trekta tatu za Ferguson zilizovishwa minyororo ya kukanyagia theluji. Yalikuwa magari ya kwanza kufika huko kwa nchi kavu.

Ferguson mwenyewe alitumia miaka yake ya mwisho akitafuta namna ya kuyapa magari madogo nguvu katika magurudumu yote manne. Kwa muda mrefu alikuwa akisumbuliwa na ukosefu wa usingizi na huzuni nzito isiyomwachilia. Tarehe 25 Oktoba 1960 alikutwa amefariki nyumbani kwake Abbotswood, Uingereza, akiwa amemeza dawa za usingizi kupita kiasi. Uchunguzi haukuweza kuamua iwapo ilikuwa ajali. Alibakisha siku chache kutimiza miaka 76.

Septemba 1961 gari la mashindano la P99, lililoundwa na kampuni yake na kusukumwa na magurudumu manne, lilishinda mbio za Oulton Park likiendeshwa na Stirling Moss. Ile trekta nyeusi ya 1933 ilihifadhiwa na Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London, vyuma vyake vitatu vikiwa bado nyuma.