August Hermann Francke, Mwalimu wa Halle

Wako walimu walioianza kazi yao kwa furaha, na baada ya miaka wamebakiwa na mazoea tu. Kengele inapigwa, watoto wanaingia, somo linasomwa, lakini moyo wa mwalimu haumo. Habari za mtu huyu zawafaa hao, maana yeye mwenyewe alipata kujua taabu ya kuwa na elimu nyingi na moyo mtupu.

August Hermann Francke alizaliwa katika mji wa Lübeck, Ujerumani, mwaka 1663. Baba yake alikuwa mwanasheria, akaitwa kumtumikia mtawala wa Gotha. Lakini alifariki mwaka 1670, mtoto akiwa na umri wa miaka saba. Kijana huyu alikuwa mwepesi wa kujifunza. Akasoma Erfurt, na Kiel, na Leipzig, akazijua sana lugha za Kiebrania na Kiyunani. Mwaka 1686 yeye na wenzake wakaanzisha huko Leipzig chama cha kuyasoma Maandiko katika lugha hizo. Watu wakamsifu. Lakini alikuwa kama mtu apimaye nafaka kila siku, naye mwenyewe hali.

Mwaka 1687 alikwenda Lüneburg, akaombwa kuhubiri juu ya Yohana 20:31, fungu lisemalo habari za imani. Alipoketi kuyatengeneza mahubiri yake, akaona ya kuwa imani ile atakayowahimiza watu kuishika, yeye mwenyewe hanayo. Mashaka yakamzidi, hata akawa hana hakika kama Mungu yuko. Akakusudia kukataa kuhubiri, asije akawadanganya watu. Jumapili moja jioni akapiga magoti tena, akamlilia Mungu ambaye hakumjua bado. Ndipo mashaka yakamtoka, akainuka mwenye furaha. Siku chache baadaye akahubiri.

Mwaka 1688 msomi huyu alikuwa Hamburg, naye hakuona haya kufundisha watoto wadogo shuleni. Huko akajifunza uvumilivu, akaona jinsi kazi ya kulea watoto ilivyo ngumu, na jinsi inavyoharibika mikononi mwa walimu wasioipenda. Baadaye aliyahesabu mafundisho aliyoyapata Hamburg kuwa msingi wa kazi yake yote.

Akawa mchungaji Erfurt mwaka 1690, lakini wakubwa wa mji hawakupendezwa na mahubiri yake, wakamfukuza mwaka 1691. Mwaka uliofuata akapewa kazi mbili pamoja: kuwa mchungaji wa Glaucha, mtaa wa maskini ulio karibu na mji wa Halle, na kufundisha lugha katika Chuo Kikuu kipya cha Halle. Glaucha palikuwa na nyumba nyingi za pombe. Kila Alhamisi maskini walikuja mlangoni pake kuomba mkate. Akawaingiza ndani, akawauliza watoto maswali ya Katekisimu, akaona hawajui neno. Akasikitika, akaweka sanduku la sadaka nyumbani kwake. Karibu na Pasaka ya mwaka 1695 mtu mmoja akatia humo taleri 4 na groshi 16. Fedha hizo hazikuwa nyingi, lakini Francke akaziona zatosha kuanzisha shule. Akanunua vitabu, akamwajiri mwanafunzi mmoja maskini wa Chuo Kikuu afundishe saa mbili kila siku. Watoto wakapewa vitabu 27 waende navyo kwao. Vilivyorudi vilikuwa 4 tu. Hakukata tamaa, akanunua vingine, akaamuru vikae shuleni.

Shule ikakua upesi, na mwaka 1698 likawekwa jiwe la msingi la nyumba kubwa ya yatima. Lakini Francke aliona ya kuwa nyumba kubwa na vitabu vizuri havifai kitu, kama mwalimu hana moyo. Kwa hiyo akawatunza walimu kwanza. Wanafunzi maskini wa Chuo Kikuu wakapewa chakula bure, na badala yake wakafundisha shuleni. Mwaka 1707 akaanzisha chuo cha kuwatengeneza walimu waliochaguliwa. Wakubwa wa shule walikutana na walimu kuzungumza juu ya kazi, ili mtu asichukue mzigo wake peke yake. Aliwaagiza wawaombee watoto, wawajue mmoja mmoja, wala wasimpige mtoto kwa hasira.

Hatusemi kwamba hakuwa na upungufu. Hakuipenda michezo ya watoto. Alitaka muda wao ujazwe kazi za mikono na masomo. Katika jambo hilo walimu wengi wa leo hawamfuati, na wana haki.

Matunda ya kazi yake yalifika mbali. Ziegenbalg na Plütschau, waliopata kusoma Halle, walifika Tranquebar nchini India mwaka 1706, na Ziegenbalg akafungua shule huko. Francke alipofariki mwaka 1727, watoto waliofundishwa katika shule za Halle walizidi 2,000, na walimu walizidi 100. Majengo yale yangalipo hata leo.

Basi, ndugu walimu, tusidhani ya kuwa Francke alianza na fedha nyingi au na moyo usiochoka. Alianza siku ile alipokiri mbele ya Mungu kwamba anafundisha asichokuwa nacho. Mwalimu aliyechoka asione haya kupiga magoti namna hiyo, kabla ya kengele ya asubuhi, awataje watoto wake kwa majina. Na ninyi wazee wa usharika, mkimwona mwalimu wenu amelegea, msimlaumu tu; mwulizeni kama ana chakula, na kama yuko mtu wa kusali pamoja naye.