Dkt. Atiman: Aliyetoka utumwani akatibu homa za Karema kwa miaka 67

Ukiwa Sumbawanga mjini ukasikia mtu anasema mgonjwa wake kalazwa Atiman, anazungumzia hospitali ya Jimbo Katoliki. Jina limezoeleka mno, hata wengi hawaulizi Atiman mwenyewe alikuwa nani. Hakuwa Mfipa, wala hakuwa Mzungu. Alitoka mbali kwelikweli, kwenye kingo za Mto Niger, nchi ya Mali ya leo.

Adrian Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866. Akiwa bado mtoto alitekwa na wauza watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko, mwaka 1876, wamisionari wa White Fathers walimkomboa kwa fedha. Mwanzilishi wao, Lavigerie, alitaka vijana wa Kiafrika wasomeshwe udaktari kisha wakawatibu Waafrika wenzao. Ndipo mwaka 1881 Atiman akapelekwa kisiwani Malta kusoma.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Laveran alikuwa ameviona vimelea vya malaria kwenye damu ya askari, hukohuko Algeria. Lakini mbu alikuwa bado hajashtakiwa. Kosa lake lilithibitishwa mwaka 1897, na Atiman alikuwa ameshafika Karema tangu 1889.

Karema iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, leo mkoani Katavi. Jimbo la Sumbawanga lenyewe liliitwa Jimbo la Karema mpaka mwaka 1969, kwa hiyo jina la Atiman halikupanda mlimani kwa bahati. Juu kwenye uwanda wa Ufipa kuna baridi na mbu si wengi. Ukishuka bondeni, upande wa Tanganyika au wa Ziwa Rukwa, mambo yanabadilika. Aliyekulia juu ana kinga ndogo, malaria ikimkamata inaweza kumlaza vibaya.

Sasa fikiria daktari wa zama zile. Ana kwinini, ana macho, ana mikono. Anabonyeza chini ya mbavu za kushoto kuona kama bandama limevimba. Anafunua kope kuangalia kama damu imepungua. Anauliza mkojo una rangi gani, maana ukiwa mweusi hali ni mbaya. Akisikia kifua kinakoroma, aamue mwenyewe kama ni nimonia au maji yamejaa kwenye mapafu. Eksirei iligunduliwa Ulaya mwaka 1895, miaka sita baada ya Atiman kufika ziwani. Ultrasaundi ya kupima bandama bila kulibonyeza ilikuja baadaye sana.

Kigumu zaidi kilikuwa kile ambacho watu bado wanasema malaria imepanda kichwani. Mtoto anachemka, degedege linamshika, anapoteza fahamu. Wengi waliona ni mashetani tu. Kumbe chembe za damu zenye vimelea hung'ang'ania kwenye mishipa midogo ya ubongo na kuiziba. Ila kwa nini mtoto huyu anaamka na yule anakufa, wote wamepewa dawa ileile? Swali hilo Atiman asingeweza kulijibu, na hata madaktari waliomfuata walikaa nalo miongo mingi.

Mwanga ulipatikana nchi jirani ya Malawi. Mwaka 2008 hospitali kuu ya Blantyre ilifungiwa mashine ya MRI, na watafiti wakapiga picha za ubongo za watoto 168 wenye malaria ya aina hiyo. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: watoto 25 walifariki, na 21 kati yao ubongo ulikuwa umevimba vibaya tangu siku ya kulazwa. Ubongo ukivimba hivyo hukandamiza sehemu inayoongoza pumzi, na mtoto anaacha kupumua. Waliopona, uvimbe wao ulishuka ndani ya siku chache.

Tusichanganye hapa: picha haionyeshi vimelea. Kujua kama ni malaria bado ni kazi ya tone la damu, na leo sindano ya artesuneti imechukua nafasi ya kwinini kwa mgonjwa mahututi. Picha inaonyesha madhara yamefika wapi, basi.

Maisha yake mengine Atiman aliyamalizia hapohapo Karema. Alimwoa Agnes, binti wa ukoo wa kichifu wa Wabende, na mtoto wao Joseph akawa padre. Mbali na homa alipambana na malale yaliyowamaliza watu kando ya ziwa, na jioni akageuka katekista. Nyumbani kwao Mto Niger hakurudi kuishi tena. Alifariki Karema Aprili 24, 1956, akiwa na karibu miaka 90.