Bibi Titi Mohamed na Akina Mama wa Ngoma

Kila mwaka tunapokusanyika kusherehekea Desemba 9, watoto wetu waliozaliwa huku Uingereza hutuuliza uhuru wa Tanganyika ulipatikanaje. Nasi huwatajia Mwalimu Nyerere, tukaishia hapo. Jibu hilo si la uongo, ila ni fupi mno. Mwalimu alikuwa na hoja, lakini hoja peke yake haijazi uwanja wa Mnazi Mmoja. Uwanja ulijazwa na watu walioambiana nyumba kwa nyumba, na wengi wa walioambiana walikuwa akina mama ambao majina yao hayamo katika vitabu vya shule. Mwaka huu tumeona tusimulie habari za kiongozi wao.

Titi binti Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Rufiji. Baba yake hakutaka asome shule ya serikali. Wazazi wengi wa pwani zama zile walihofu kwamba mtoto akienda huko atapotezwa dini, kwa hiyo Titi alianza chuoni, akasoma Kurani. Baba alipofariki, mama yake alimwandikisha shule, akapata miaka michache ya elimu ya msingi. Alipovunja ungo akawekwa ndani kama desturi ilivyotaka, na angali binti akaozwa mume aliyemzidi sana umri. Ndoa hiyo haikudumu. Mpaka hapa maisha yake hayana tofauti na ya maelfu ya wasichana wa Uswahilini wa wakati ule.

Kilichomtofautisha ni sauti. Aliimba kwenye maulidi, watu wakamjua, na baadaye akawa mwimbishaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hapa inabidi tuwaeleze watoto, maana wakisikia ngoma wanafikiri ni kucheza tu. Vikundi vya ngoma vya akina mama wa Dar es Salaam vilikuwa vyama kamili. Vilikuwa na viongozi, ada, sare za kanga na mpangilio wa nani afanye nini. Mwenzao akifiwa walichanga, akioza walichanga na kwenda kupika. Vikundi vilishindana kwa mavazi na kwa nyimbo, na kila kimoja kilijua habari za vingine vyote. Na waliokuwa ndani yake hawakuwa wa kabila moja: mji ule ulikuwa wa Wazaramo, Wamanyema, Warufiji, Wanyamwezi na wengine wengi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Anayetaka kuelewa afikirie upatu wa mama zetu hapa mjini, kisha auzidishe mara mia, autie na muziki.

TANU ilianzishwa Julai 7, 1954. Titi alijiunga mapema kabisa pamoja na mume wake wa wakati huo, Boi Selemani: mume kadi namba 15, mke kadi namba 16. Lakini wanawake ndani ya chama walikuwa wa kuhesabu. Mwaka 1955 akaja mgeni kutoka huku huku tunakoishi, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza. Alipokutana na viongozi wa TANU aliwauliza kama chama kina tawi la wanawake. Swali hilo liliwashika pabaya. Wanaume wale walipigania haki ya Mwafrika mchana kutwa, lakini jioni wengi wao hawakuwa tayari kumwona mkewe akitoka kwenda mkutanoni. Ndipo akaitwa Titi, aliyekwisha kuzoea kusimama mbele za watu.

Alichofanya baada ya hapo ndicho tunachokiona kuwa kipaji chake halisi. Hakuanza kwa kwenda kumshawishi mwanamke mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, yeye na wenzake kama Tatu binti Mzee, akazungumza nao. Kiongozi akikubali, kikundi kizima kimekubali. Njia zilizokuwa zikipeleka habari za harusi na misiba sasa zikapeleka habari za TANU, na nyimbo zilizokuwa za kutupiana vijembe zikatungwa upya kwa ajili ya chama. Ndani ya miezi kama mitatu, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Chama kilichokuwa na mwaka mmoja tu wa umri hakikuwa na njia nyingine ya kupata watu wengi hivyo kwa haraka hivyo.

Kulikuwa na sababu nyingine ya nguvu yao, nayo ni ya kikazi zaidi kuliko ya kishujaa. Serikali ya kikoloni iliwazuia watumishi wake Waafrika kujiunga na chama cha siasa. Karani, mwalimu wa shule ya serikali au dresa wa hospitali aliyeonekana na kadi ya TANU alihatarisha mshahara wake. Mama muuza vitumbua hakuwa na mshahara wa kukatwa. Aliweza kununua kadi hadharani, kuuza kadi kwa wengine, kukusanya senti, kulaza wageni wa chama na kubeba ujumbe. Wapo waliotoa mapambo yao ya dhahabu na fedha yauzwe chama kipate nauli. Na wapo waliozificha kadi zao kwa waume zao, kwa kuwa ndani ya nyumba zao uhuru ulikuwa bado haujafika.

Bibi Titi alisafiri karibu nchi nzima, mara nyingi akiongozana na Mwalimu. Hakuwa na shahada wala Kiingereza cha kujivunia. Alikuwa na Kiswahili cha Dar es Salaam, kicheko, na ujasiri wa kuwaambia wanaume mbele ya wake zao mambo ambayo hawakuyazoea. Watu walioishi miaka ile waliwataja hawa wawili kwa pamoja: ukimtaja Nyerere, wa pili ni Titi.

Kuna jambo moja la mwaka 1958 ambalo tungependa kila msichana anayesoma kijarida hiki alijue. Mwaka huo TANU ilikutana Tabora na kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ili kuruhusiwa kupiga kura ilibidi mtu awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo cha aina fulani. Hesabu wenyewe. Akina mama waliokijenga chama kwa kanga na vitumbua, wengi wao hawakuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Walikipigania chama kikashinda katika uchaguzi ambao wenyewe hawakuruhusiwa kupiga kura, kisha wakashangilia ushindi kama vile sanduku lilikuwa lao. Sisi tunaona walikuwa na haki ya kusema kuwa lilikuwa lao.

Uhuru ukaja Desemba 9, 1961. Mwaka uliofuata ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Alikuwa pia mbunge na waziri mdogo aliyeshughulikia maendeleo ya jamii, yaani kisomo cha watu wazima, malezi ya watoto, kazi za kujitegemea za wanawake vijijini. Julai 1962 wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam na kuunda umoja wao wa bara zima. Tarehe 31 ya mwezi huo ndiyo inayoadhimishwa mpaka leo kama Siku ya Mwanamke wa Afrika. Mji ambao miaka saba kabla hawakuweza kupatikana wanawake wa kumwonyesha mgeni mmoja, sasa ulikuwa unawapokea wageni wa bara.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1965 alishindwa kiti cha ubunge cha Rufiji. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, lililomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni, au nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba alizopangisha, naye akajiuzulu Kamati Kuu ya TANU.

Wengine wamemhukumu kwa hilo kwamba alichagua nyumba akaacha usawa. Sisi hatuharakishi kusema hivyo. Azimio lilikuwa na nia njema, na hofu yake ya viongozi kugeuka mabwanyenye haikuwa ya kubuni. Lakini mwanamke wa pwani asiye na elimu ya ofisini hakuwa na pensheni. Nyumba yenye vyumba vya kupangisha ndiyo ilikuwa akiba yake na kinga yake siku akiachika. Kanuni moja ilimpima waziri mwenye shahada na mwimbishaji wa Bomba kwa mizani moja. Na kati yetu tunaosoma haya wako wengi wanaojenga Mbezi au Kigamboni kidogo kidogo kwa pesa za kazi za usiku, wapate kupangisha uzeeni, kwa hiyo tusijifanye hatumwelewi.

Oktoba 1969 alikamatwa, pamoja na Michael Kamaliza aliyewahi kuwa waziri wa kazi na baadhi ya maofisa wa jeshi, wakishtakiwa kula njama ya kuipindua serikali. Aliyetajwa kuwa kinara, Oscar Kambona, alikuwa amekimbilia London. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini katika Tanzania huru, mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges. Bibi Titi alikana mashtaka, na aliendelea kukana mpaka mwisho wa maisha yake. Mahakama ilimtia hatiani, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka. Wakati akiwa kifungoni mumewe alimpa talaka. Nyumbani kwake, palipokuwa hapakosi watu, sasa watu walipita mbali, maana kuonekana kwa mtu aliyetiwa hatiani kwa uhaini kulitisha. Waliompigia vigelegele Mnazi Mmoja walikuwa hai bado, wengi wao mtaa wa pili tu. Hili ni la kuwaambia watoto pia, hata kama linatia aibu.

Akaishi kimya kwa miaka mingi. Jina lake lilianza kurudi polepole. Tanzania Bara ilipotimiza miaka 30 ya uhuru mwaka 1991, akatajwa tena hadharani miongoni mwa mashujaa. Watafiti walimfuata, akawasimulia, na kwa kupitia kwake tumepata majina ya wenzake wengi ambao bila yeye yangezikwa nao. Alifariki Novemba 5, 2000, hospitalini Johannesburg alikopelekwa kutibiwa, akiwa na umri wa miaka 74. Barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja, pale ilipokuwa ikifanyika mikutano ya TANU, leo inaitwa Barabara ya Bibi Titi Mohamed.