Matt Talbot, mchukuzi wa mbao

1. Mtoto wa maskini

Katika nchi ya Ayalandi, kule Ulaya, mna mji mkubwa kando ya bahari, jina lake Dublin. Katika mji huo Matt Talbot alizaliwa tarehe 2 Mei 1856. Wazazi wake, Charles na Elizabeth, walizaa watoto kumi na wawili, naye Matt alikuwa wa pili. Baba alifanya kazi bandarini. Mshahara wake ulikuwa mdogo, tena alipenda kunywa. Kwa hiyo mara nyingi nyumba ilikosa chakula, na mara nyingi walihama, wakitafuta chumba cha kodi ndogo.

Matt alipelekwa shuleni kwa Mabruda, lakini alikuwa mtoro. Mwalimu wake aliliandika jambo hilo katika daftari la shule, karibu na jina lake. Alipofika miaka 12 aliacha masomo kabisa. Alijua kusoma kidogo tu, na kuandika kwa shida.

2. Kamba shingoni

Mtoto huyo akapata kazi katika nyumba ya biashara iliyotia bia katika chupa. Wafanyakazi wa huko walikunywa, na Matt akaanza kunywa pamoja nao. Haukupita muda mrefu akawa anarudi nyumbani amelewa. Baba yake akakasirika, akampiga, akamtafutia kazi nyingine pale bandarini alipofanya kazi yeye mwenyewe. Lakini bandarini palikuwa na maghala ya wiski, pombe kali sana. Kijana akaacha bia, akashika wiski. Baadaye akawa mchukuzi wa mafundi waashi, akiwapelekea matofali na chokaa.

Matt hakuwa mvivu. Alifanya kazi kwa nguvu kuliko wengi. Lakini Jumamosi, siku ya mshahara, fedha zake zilikwenda nyumba ya pombe, na mama yake alipata kidogo sana au hakupata kitu. Wiki ilipofika katikati, mfuko ulikuwa mtupu. Ndipo alipoweka rehani hata viatu vyake apate kunywa. Siku moja yeye na wenzake walimwibia maskini mmoja fidla yake, chombo kinachopigwa mfano wa zeze. Mtu yule alipata chakula chake kwa kupiga fidla barabarani. Wao wakaiuza, wakanywa.

Misa ya Jumapili hakuiacha, lakini alikaa muda mrefu bila kuungama wala kupokea Komunyo takatifu. Hivyo akafika miaka 28. Pombe ilikuwa kama kamba shingoni mwake: ilimvuta, naye akaifuata.

3. Jumamosi ya mwaka 1884

Mwaka 1884, wiki moja, Matt hakufanya kazi. Jumamosi ikafika, naye hana hata senti. Akaenda na ndugu yake, wakasimama kwenye pembe ya njia, karibu na nyumba ya pombe, wakawangojea wenzao waliotoka kupokea mshahara. Matt hakuwa na wasiwasi. Yeye mwenyewe, alipokuwa na fedha, hakumnyima mtu kinywaji. Alifikiri kwamba leo wenzake watamnywesha.

Wenzake wakaja. Mmoja akamsalimu, akapita. Wa pili akamsalimu, akapita. Wote wakapita na kuingia ndani, na hakuna aliyemwita. Matt akabaki nje. Aibu ikamchoma moyoni. Akageuka, akarudi nyumbani mchana ule, bila ulevi.

Mama yake alikuwa anatayarisha chakula. Alistaajabu kumwona amerudi mapema, tena akiwa na akili zake. Baada ya chakula, Matt akamwambia mama kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama aliwahi kusikia maneno mengi ya walevi. Akamwonya kwamba asiende kumwahidi Mungu kama hakusudii kushika ahadi. Matt akajibu kwamba ataishika kwa jina la Mungu. Alipokuwa akitoka mlangoni, mama akamwombea Mungu ampe nguvu.

Basi akaenda seminari ya Msalaba Mtakatifu. Huko akamwona padri, akaungama dhambi zake zote, akaweka ahadi. Angalieni jambo hili: hakuahidi maisha yake yote. Aliogopa. Aliahidi miezi mitatu tu. Kesho yake, Jumapili, akapokea Komunyo takatifu.

4. Miezi mitatu

Msifikiri kwamba tangu siku hiyo mambo yalikuwa rahisi. Mwili uliozoea pombe kwa miaka kumi na sita hauachi kuidai siku moja. Matt aliumwa na tamaa kama mtu anavyoumwa na njaa. Mara nyingi alimwambia mama yake kwamba hafai kitu, na kwamba miezi mitatu ikiisha atarudia kunywa. Mama alimtuliza, akamsihi ajaribu tena.

Matt aliona kwamba kwa nguvu zake mwenyewe hataweza. Akashika njia moja: kila siku ianze kwa Mungu. Akawa anaamka usiku, akaenda Misa ya saa kumi na moja ya alfajiri, na baada ya Misa alikwenda kazini. Jioni, saa ambayo wenzake waliingia kunywa, yeye alitembea mbali katika mji, akaingia kanisa hili na kanisa lile, akapiga magoti mbele ya Yezu katika Sakramenti mpaka saa ya kulala. Kesho yake alianza tena.

Jioni moja alishindwa kuvumilia. Alikuwa na fedha mfukoni, akaingia nyumba ya pombe, akangoja. Muuzaji alikuwa na kazi nyingi, akawapa wengine, asimjali yeye. Matt akatoka upesi, akakimbilia kanisani, akakaa humo mpaka milango ilipofungwa. Tangu siku hiyo alikata shauri kutotembea tena na fedha mfukoni. Alijua udhaifu wake, akauwekea boma.

Miezi mitatu ikaisha, na Matt hakunywa. Akaweka ahadi ya miezi sita. Miezi sita ikaisha, na hakunywa. Ndipo alipoahidi kwa maisha yote.

5. Kulipa na kujifunza

Mtu aliyetubu kweli hutaka kulipa alichoharibu. Matt alikumbuka madeni yake katika nyumba za pombe, akayalipa kidogo kidogo, mpaka yakaisha. Akamtafuta pia yule mpiga fidla. Alimtafuta siku nyingi, asimpate. Akatoa fedha, Misa zisomwe kwa ajili ya mtu yule.

Tena alikuwa na mazoea ya kuapa na kutukana. Kwa kujikumbusha, alichoma pini mbili katika mkono wa koti lake, zikafanya msalaba. Alipotaka kutoa neno baya, aliuona msalaba, akafunga kinywa.

Na yule mtoro wa shule akawa mwanafunzi. Baada ya kazi alikaa chumbani mwake na kitabu, akasoma neno kwa neno. Alisoma Maandiko Matakatifu na maisha ya watakatifu. Neno asilolielewa aliliandika katika karatasi, akamwuliza padri. Karatasi zake nyingi zimehifadhiwa mpaka leo, na maandishi yake ni ya mtu aliyejifunza kwa taabu. Mwaka 1890 akaingia katika Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, ambao ni wa wakristu wanaoishi ulimwenguni.

Baadaye Misa ya alfajiri katika kanisa lake ilisogezwa mbele mpaka saa kumi na mbili na robo. Kwa saa hiyo asingeweza kufika kazini. Matt hakuacha Misa. Alitafuta kazi nyingine inayoanza saa mbili, akaipata katika ghala kubwa la mbao. Huko alichukua mbao miaka mingi. Ikiwa kazi imesimama kidogo, alijificha nyuma ya mbao, akasali.

6. Mkono uliofunguka

Zamani fedha za Matt zilikuwa za muuza pombe. Sasa zilikuwa za maskini. Yeye alilala juu ya ubao, na mto wake ulikuwa kipande cha mti. Alikula mkate mtupu mara nyingi, akanywa kakao. Aliyobakiza aliwagawia wenye shida, mayatima na misioni za mbali. Aliishi na mama yake mjane, akamtunza mpaka alipofariki mwaka 1915. Mama aliyekosa mshahara wa mwanawe zamani, alikufa akiwa mikononi mwa mwana mwema.

Mwaka 1913 palikuwa na ugomvi mkubwa katika Dublin kati ya matajiri wenye kazi na wafanyakazi. Maelfu ya watu walikaa miezi bila mshahara, na watoto wao waliona njaa. Matt naye alikuwa nje ya kazi pamoja na wenzake. Inasimuliwa kwamba fedha kidogo alizopewa na chama chao, aliwagawia wenzake wenye watoto.

Mwaka 1923 moyo wake ukaugua, akalazwa hospitalini. Muda mrefu hakuweza kufanya kazi. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1924, alituma pauni moja kwa mapadri wamisionari waliokwenda China, pamoja na shilingi kumi za dada yake. Ni mgonjwa asiye na mshahara aliyetoa fedha hizo.

7. Njiani kwenda Misa

Tarehe 7 Juni 1925 ilikuwa Jumapili ya Utatu Mtakatifu. Asubuhi hiyo Matt, mwenye miaka 69, alikuwa akienda Misa katika kanisa la Wadominiko. Alipofika katika njia nyembamba iitwayo Granby Lane, akaanguka. Watu wakakimbia, wakamwinua, wakampa maji. Akafa palepale. Hakuna aliyemjua jina. Hakuwa na karatasi wala fedha.

Walipomvua nguo hospitalini, wakakuta mnyororo kiunoni mwake, na minyororo midogo na kamba katika mikono na mguu. Aliivaa kwa siri, ishara kwamba yeye ni mtumwa wa Yezu kwa mikono ya Bikira Maria. Msijaribu ninyi kufanya vile. Mtu hafanyi toba ya namna hiyo bila ruhusa ya padri wake. Lakini fahamuni maana yake. Mtu huyo alikuwa amefungwa na pombe. Alipopata uhuru wake, akautoa kwa Mungu.

Akazikwa tarehe 11 Juni 1925, sikukuu ya Mwili wa Kristu. Watu wa Dublin wakaanza kusimuliana maisha ya mchukuzi yule. Ni katika mji huohuo Legio ya Maria ilipozaliwa mwaka 1921, na leo Legio iko hata katika parokia zetu. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitangaza kwamba Matt Talbot alishika fadhila kwa namna ya kishujaa, akamwita Mstahili Heshima. Ndiyo hatua inayotangulia kuitwa Mwenye Heri. Watu wengi wanaosumbuliwa na ulevi, na mama zao, na wake zao, humwomba awaombee.

8. Fundisho

Hesabuni pamoja. Tangu ahadi yake mpaka kufa kwake ilipita miaka arobaini na zaidi. Miaka arobaini ni zaidi ya siku 14,600. Kama padri angemwambia Jumamosi ile kwamba atashinda pombe siku 14,600, pengine Matt angekata tamaa, akarudi kwenye nyumba ya pombe. Lakini Mungu hakumpa siku hizo zote kwa mara moja. Alimpa moja, na neema ya moja. Kesho yake alimpa nyingine.

Ndivyo inavyokuwa hata kwenu. Mmoja ni mwepesi wa hasira, mwingine ni mvivu wa masomo, mwingine anasema uongo. Jioni anaona aibu, anafikiri kwamba hawezi kubadilika. Pengine yuko mtoto ambaye baba yake hunywa, naye amechoka kutumaini. Mtoto huyo asikate tamaa wala asiache kusali. Mama wa Matt alingoja miaka kumi na sita.

Na wewe uliyeanguka jana, usikae chini ukiitazama jana. Ungama, simama, mwombe Mungu akusaidie leo. Jua likichomoza, kengele ya Misa inalia kwa wote, hata kwa aliyeshindwa jana. Matt Talbot aliisikia kila asubuhi, akaondoka, akaenda.