Ferruccio Lamborghini, fundi wa trakta aliyetaka gari la mwendo kasi liwe zuri hata ndani

Vijana wengi wanalijua jina lake kwa picha za magari ya bei isiyoshikika. Wachache wanajua kwamba Ferruccio Lamborghini alipata utajiri wake kwa kutengeneza trakta za kulimia. Alikufa tarehe 20 Februari 1993 huko Perugia, inchini Italia, akiwa na miaka 76, na wakati huo kiwanda cha magari kilikuwa kimetoka mikononi mwake karibu miaka ishirini. Alikuwa amekianzisha kwa sababu ambayo wengine waliiona kuwa ndogo: alinunua gari la bei kubwa sana, akafungua mlango, akakaa, na hakuona ndani yake kazi inayolingana na pesa alizotoa.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1916 katika kijiji cha Renazzo, karibu na mji wa Cento, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake walilima mizabibu. Mtoto hakuvutwa na shamba, alivutwa na mashine za shambani, na akapelekwa kusomea ufundi upande wa Bologna. Mwaka 1940 aliingizwa jeshini na kutumwa kwenye kisiwa cha Rhodes, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya Waitalia. Kazi yake huko ilikuwa kutunza magari ya jeshi. Kisiwa wakati wa vita si mahali pa kungojea vipuri, kwa hiyo fundi alilazimika kujua kufufua gari kwa vitu vilivyokuwepo. Waingereza walipokamata kisiwa, alishikwa mateka, na akarudi kwao mwaka 1946.

Mwaka uliofuata mke wake wa kwanza alikufa alipomzaa mtoto wao Tonino. Katika kipindi hicho cha huzuni ndipo Ferruccio alianza kuunganisha trakta kutoka mabaki ya magari ya kijeshi yaliyoachwa na vita. Wakulima wa eneo lake walihitaji mashine, lakini esansi ilikuwa ghali. Yeye alibuni kifaa kilichoruhusu motere kuwaka kwa esansi kisha kuendelea na kazi kwa mazutu, ambayo bei yake ilikuwa nafuu. Mwaka 1948 kampuni yake ya trakta ilizaliwa rasmi. Mwaka huohuo alishiriki mbio za Mille Miglia akiendesha Fiat Topolino ndogo aliyoitengeneza upya mwenyewe, na safari ikaishia ndani ya ukuta wa mgahawa karibu na Turin. Hakurudi tena kwenye mashindano, na baadaye hakukubali kampuni yake ya magari iingie kwenye mbio.

Trakta zilimletea mali. Baadaye aliongeza kiwanda cha mashine za kupasha nyumba joto, kisha za kupoza hewa. Mtu anayeuza vitu kama hivyo anajua kwamba mteja hanunui chuma tu. Ananunua usingizi mzuri wakati wa baridi, na hasira yake inaanza siku mashine inapomwacha.

Kufika mwisho wa miaka ya 1950, Ferruccio alikuwa na magari kadhaa ya kifahari: Alfa Romeo, Lancia, Mercedes, Jaguar, Maserati. Alikuwa pia na Ferrari 250 GT. Hapo ndipo ugomvi ulipotokea.

Ili kuelewa malalamiko yake, lazima kujua namna Ferrari ilivyokuwa ikifanya biashara. Moyo wa Enzo Ferrari ulikuwa kwenye mashindano. Magari ya barabarani aliyauza ili pesa zigharimie timu yake ya mbio. Nguvu ya mafundi wa Maranello ilikwenda kwanza kwenye motere, na wateja wengi walikubali: walitaka sauti ya ile motere ya silinda 12 na jina lililoshinda mbio. Kwamba ndani ya gari kulikuwa na kelele, kwamba umaliziaji ulikuwa wa haraka, hayo yalihesabiwa kuwa mambo ya pembeni.

Kwa Ferruccio hayakuwa ya pembeni hata kidogo. Aliona Ferrari ni gari la mbio lililovalishwa nguo za barabarani: kelele nyingi, ugumu kwenye safari ndefu, na kazi ya ndani isiyo na uangalifu. Zaidi ya hayo, ambreyaji, yaani kile kiungo kati ya motere na vitesi, ilikuwa ikimharibikia mara kwa mara. Kila mara alirudisha gari Maranello, akangojea masaa, bila kuruhusiwa kuona mafundi wanafanya nini. Kufuatana na simulizi yake mwenyewe, siku moja alilifungua gari katika karakana yake ya trakta na kukuta kwamba ambreyaji ile ilikuwa ya aina aliyokuwa akiitumia kwenye trakta zake, isipokuwa yeye alikuwa ameilipia bei ya Ferrari. Alikwenda kumwambia Enzo Ferrari, naye akajibiwa kwamba mtu wa trakta hana la kufundisha kuhusu magari ya mwendo kasi. Maneno ya mkutano huo yamesimuliwa kwa namna nyingi, na kila msimulizi ameongeza chumvi. Linalobaki bila ubishi ni kwamba mwaka 1963 Ferruccio alikuwa na kiwanda kipya kinachojengwa Sant'Agata Bolognese, si mbali na Maranello.

Kwa motere alimwita Giotto Bizzarrini, aliyekuwa amefanya kazi Ferrari. Bizzarrini alimletea motere ya silinda 12 yenye ujazo wa lita 3.5, kali kama ya mashindano, na Ferruccio hakufurahi. Inasimuliwa kwamba malipo ya Bizzarrini yaliongezeka kulingana na nguvu ya motere, jambo linaloeleza mengi. Mwenye kiwanda alitaka motere ambayo mteja angeitumia kwenda kazini asubuhi na safarini mchana bila kuitwa fundi kila wiki. Kazi ya kuituliza ilimwangukia kijana Gian Paolo Dallara, pamoja na Paolo Stanzani na mwendeshaji wa majaribio Bob Wallace.

Gari la kwanza la maonyesho, 350 GTV, lilipelekwa Turin mwaka 1963 likiwa na matofali mahali pa motere ili likae kwa urefu unaostahili, kwa kuwa motere ilikuwa haijaingia. Kifuniko cha mbele hakikufunguliwa mbele ya wageni. Ni mwanzo wa kuchekesha kwa mtu aliyekuwa akilaumu kazi ya wengine.

Lakini gari lililouzwa, 350 GT, lilionyeshwa Geneva mwaka 1964, na hilo lilifanana na mawazo yake. Bodi ilitengenezwa na Touring ya Milano. Ndani kulikuwa na ngozi, dashibodi yenye saa zinazosomeka vizuri, na madirisha makubwa yaliyomwezesha dereva kuona barabara pande zote. Nyuma ya viti viwili vya mbele kulikuwa na kiti kimoja katikati, cha mtu wa tatu. Baadaye, kwenye 400 GT, kampuni ilitengeneza sanduku lake yenyewe la vitesi, ambamo hata vitesi ya kurudi nyuma iliingia kwa ulaini kama zile za mbele. Katika magari mengine mengi, hata ya bei kubwa, vitesi ya kurudi nyuma ilikuwa ikilia na kusaga kila mara. Hakuna anayenunua gari la mwendo kasi kwa ajili ya kurudi nyuma, lakini kila mwenye gari anarudi nyuma kila siku, hata nje ya nyumba yake.

Uangalifu huo ulikuwa na gharama. Mpaka mwisho wa mwaka 1964 magari yalikuwa yamefikia wateja 13 tu, na kila moja liliuzwa kwa hasara ili bei isipite ya Ferrari. Pesa za trakta ndizo zilizoziba pengo. Kwa jumla 350 GT zilizotengenezwa zilikuwa 120.

Kisha lilikuja gari lililogeuza kila kitu, na halikutoka kwake. Mwaka 1965 Dallara, Stanzani na Wallace, wakifanya kazi baada ya masaa ya kawaida, walichora gari lenye motere nyuma ya viti, imelala kwa upana. Ferruccio aliogopa kwamba litakuwa ghali na litaiondoa kampuni kwenye njia yake, lakini aliwaruhusu, akiliona kama tangazo zuri. Fremu tupu ilionyeshwa Turin, haina hata bodi, na watu wakaanza kuagiza. Mwaka 1966 Miura ilifika Geneva ikiwa na bodi iliyochorwa na Marcello Gandini wa Bertone, na kampuni ndogo ikajulikana dunia nzima.

Miura ilikuwa nzuri kupita kiasi, na ilikuwa na karibu kila kasoro ambayo Ferruccio aliwahi kumlaumu nayo Enzo Ferrari. Motere ilikuwa karibu na kichwa cha dereva. Joto na kelele viliingia ndani, na nafasi ya mizigo ilikuwa ndogo. Toleo la S la mwaka 1968 lilijaribu kurekebisha: madirisha ya umeme, umaliziaji bora wa ndani, na mashine ya kupoza hewa kwa yule aliyekubali kuongeza pesa. Ajabu ni hiyo, kwamba mtu mwenye kiwanda cha kupoza hewa alikuwa akiuza gari la joto hivyo, na ubaridi ukawa kitu cha kuagiza kando. Wateja matajiri waliagiza hata zaidi ya hapo. Inasimuliwa kwamba mwimbaji Frank Sinatra alitaka lake liwe na rangi ya machungwa, zulia la manyoya la rangi hiyohiyo, na viti vya ngozi ya nguruwe wa porini.

Wazo la Ferruccio mwenyewe liliendelea katika Espada ya mwaka 1968, gari la watu wanne walio wazima, wanaokaa bila kukunja miguu. Toleo lake la mwisho lilikuja na usukani mwepesi wenye msaada wa mashine, na kutoka mwaka 1974 mteja aliweza kuchagua vitesi za kujibadilisha zenyewe. Espada zaidi ya 1,200 zilitengenezwa. Miura hazikufika 800. Lakini muulize mtu barabarani jina la Lamborghini ya zamani, na hakuna atakayetaja Espada.

Miaka ya 1970 haikumhurumia. Oda kubwa ya trakta kutoka Bolivia ilivunjwa baada ya serikali ya inchi hiyo kupinduliwa, na migogoro na wafanyakazi iliongezeka. Mwaka 1972 aliuza asilimia 51 ya kampuni ya magari kwa Mswisi Georges-Henri Rossetti. Kampuni ya trakta ilikwenda kwa SAME mwaka 1973, na mwaka 1974 aliuza asilimia 49 iliyobaki kwa René Leimer.

Alihamia Panicarola, karibu na ziwa Trasimeno, na kurudia kazi ya wazazi wake, yaani mizabibu. Huko alitengeneza divai nyekundu iliyopendwa. Alipotafuta jina la kuiuza, hakuchukua la 350 GT wala la Espada. Divai hiyo iliitwa Damu ya Miura.