Kibarua kilipoota nyasi, Alfred Butts alianza kuhesabu herufi

HEBU fikiria umekaa mezani na marafiki, na mbele yako una herufi saba: A, E, I, N, R, S na T. Ukizipanga unapata *retains*. Ukizigeuza unapata *nastier*. Zigeuze tena, *retinas*. Maneno matatu ya Kiingereza, herufi zilezile saba, na lolote kati ya hayo linakupa pointi 50 za ziada kwa kumaliza herufi zako zote kwa mpigo mmoja. Wachezaji sugu wa Scrabble hukariri familia za maneno kama hizi utadhani kesho wana KCSE.

Lakini nani aliamua kwamba E ziwe 12, S ziwe nne tu, na Q ibaki moja peke yake ikikusumbua mkononi hadi mchezo unaisha? Ni msanifu majengo mmoja Mmarekani aliyefutwa kazi. Na la kushangaza, mwenyewe alikiri kwamba tahajia ilikuwa inamlemea.

Alfred Mosher Butts alizaliwa Aprili 13, 1899 mjini Poughkeepsie, jimbo la New York. Babake alikuwa wakili, mamake mwalimu. Alisomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akahitimu 1924, kisha akapata kazi jijini New York. Mambo yalikuwa yamenyooka. Halafu soko la hisa likaporomoka 1929, ujenzi ukakwama, na 1931 kibarua chake kikaota nyasi. Alikuwa ameshagonga miaka 30, ana mke, na mshahara hakuna.

Alijaribu hasla kadhaa. Aliandika, akachora. Uchoraji wenyewe haukuwa mbaya, maana baadhi ya picha zake za jiji la New York zimehifadhiwa katika jumba la Metropolitan Museum of Art. Ila picha hazikulipa bili.

Hapo ndipo alipoketi chini akaanza kuchambua michezo ya mezani, kama vile anavyochambua ramani ya nyumba. Aliigawa katika makundi matatu: ya kusogeza vipande kama chesi, ya nambari kama dadu na bingo, na ya maneno. Hilo kundi la tatu aliliona lina pengo. Watu walipenda kuchezea maneno lakini hakukuwa na njia nzuri ya kuhesabu nani amemshinda nani.

Sasa, pointi zitolewe vipi? Butts alikumbuka hadithi ya Edgar Allan Poe, *The Gold-Bug*, ambamo mtu anafumbua maandishi ya siri kwa kuangalia ni herufi gani inajitokeza mara nyingi zaidi. Basi akachukua magazeti, ukiwemo ukurasa wa mbele wa *The New York Times*, akaanza kuhesabu herufi mojamoja. Kwa mkono! Hakukuwa na kompyuta wala programu ya kumsaidia. Herufi iliyojaa kila mahali, kama E, akaipa vibao vingi na pointi moja. Iliyo adimu, kama Z, akaipa kibao kimoja na pointi 10. S alizibana makusudi, kwa sababu kila mtu angeichomeka mwishoni mwa neno la mwenzake kuwa wingi na kujizolea pointi za bure.

Ukitaka kujua hesabu zake ni za Kiingereza hasa, jaribu kuchezea seti hiyo kwa Kiswahili. K iko moja tu. Neno *kukumbuka* linataka tatu, na U nazo tatu kati ya nne zilizopo. Q na X zitabaki zinakutazama tu.

Mchezo wake wa kwanza aliuita Lexiko, na haukuwa na ubao. Kampuni za michezo zikaukataa. Ofisi ya hataza nayo ikakataa. Mwaka wa 1938 akaongeza ubao wa miraba 225 ili maneno yapitane kama kwenye chemshabongo ya gazetini, na kila mchezaji akawa na herufi saba. Alichora herufi hizo kwa vifaa vyake vya kazi, akazibandika kwenye vibao vidogo vya mbao. Akabadilisha na jina pia, ukawa Criss-Cross Words. Jibu? Lilelile. Waliocheza ni jamaa, marafiki na waumini wa kanisa la Methodist mtaani kwao Jackson Heights, eneo la Queens.

Nyumbani hali haikuwa rahisi kwake pia. Mkewe, Nina, aliyewahi kuwa mwalimu wake, alikuwa akimshinda. Kuna siku aliandika *quixotic* akapata pointi 284. Kama unadhani ni chumvi, piga hesabu: herufi za neno hilo zina jumla ya 26, na likigusa miraba miwili ya kuzidisha neno mara tatu unazidisha kwa tisa, halafu unaongeza zile 50.

Uchumi ulipopata nafuu Butts alirudi kwenye ramani zake, na mchezo ungeweza kuishia kwenye kabati. Mwaka wa 1948, James Brunot, mmoja wa wachache waliokuwa na seti, akaomba kuutengeneza kibiashara na kumlipa Butts mrabaha. Brunot alirekebisha miraba ya bonasi na kuupa jina la Scrabble, lakini mgao wa herufi hakuugusa. Mwaka wa 1949 alitengeneza seti 2,400 na bado akapata hasara ya dola 450.

Kisha ghafla bin vuu mambo yakageuka. Inasimuliwa kwamba mkuu wa duka la Macy's, New York, aliucheza likizoni 1952, akarudi na kukuta dukani kwake hauuzwi. Aliagiza. Kufikia 1954 seti zilikuwa zinauzwa kwa mamilioni.

Butts alipata senti chache tu kwa kila seti. Wengi wetu tungepiga kelele mitandaoni kwamba tumeporwa. Yeye alieleza kwamba theluthi moja ilienda kwenye kodi, theluthi akaigawa, na iliyobaki ikamwezesha kuishi vizuri. Pesa hizo zilimsaidia kununua tena nyumba ya ukoo wao huko Stanfordville, na katika miaka ya 80, akiwa mzee kabisa, akatoa mchezo mwingine ulioitwa Alfred's Other Game. Haukuvuma.

Alifariki Aprili 4, 1993, siku chache kabla ya kutimiza miaka 94. Ukifika Jackson Heights leo, kwenye kona ya 35th Avenue na 81st Street, utaona bango la barabara ambalo kila herufi ya jina imeandikiwa pointi zake. H ina nne, V ina nne, na zile E, kama alivyozihesabu, moja moja.